Kilango cha Pipa la Bi Hermínia

Pale kijijini, huko Bairrada, eneo la mizabibu, Belmiro aliitwa Mjusi, na si kwa ubaya. Pipa la Bi Hermínia, mwenye ghala la divai, ni refu kuliko mtu, lakini lina kilango kimoja tu chini kabisa, ambacho hata mbwa aliyeshiba angesita kukipita. Tangu ujana wake Belmiro alikipita kila mwaka kabla ya mavuno: mkono wa kulia kwanza, kisha kichwa, kisha pumzi yote nje, halafu huyo anateleza ndani na brashi yake, kusugua magamba mekundu yaliyoachwa na divai ya zamani. Divai mpya haitiwi kwenye pipa chafu.

Siku nyingine zote alikuwa mtu wa kawaida tu, anapogoa mizabibu, anagombana na mbwa wa jirani, anasinzia kanisani. Siku ya pipa ndiyo alikuwa mtu wa watu. Tena ghala lile lilikuwa na desturi yake tangu enzi za baba yake Bi Hermínia: anayeingia pipani huchagua chupa moja ya zamani, yoyote aitakayo, na hakuna wa kumpinga.

Jicho la Belmiro lilikuwa kwenye chupa ya mwaka wa themanini na tano. Kila mwaka alinyoosha mkono, kila mwaka akaurudisha. Zabibu za Baga, aina ya huko kwao, ndivyo zilivyo. Divai yake ikiwa changa ina ukakasi wa kukufanya udhani umetafuna mkanda. Ikizeeka inalainika hadi wazee wanaanza kusamehe wakwe zao. Kwa hiyo akawa anaisubiri, anachukua nyingine.

Mwaka huu aliapa kuichukua, na sababu ilikuwa tumbo. Miaka sitini na miwili si haba, na kitoto cha nguruwe kinachookwa Bairrada, ngozi yake ikivunjika kama kioo, Belmiro hajawahi kukikataa. Alijua huu ni mwaka wake wa mwisho kupita kile kilango. Asichojua ni kwamba mwaka wa mwisho ulikuwa mwaka jana.

Asubuhi ya siku ya pipa Bi Hermínia alikaa juu ya kreti, fimbo mapajani. Idalina, mke wa Belmiro, alileta maji. Belmiro akaingiza mshumaa pipani. Haukuzimika, maana yake hewa ni salama. Akavua shati. Mkono ukaingia. Kichwa kikaingia. Tumbo likagoma.

"Toa pumzi," Bi Hermínia alisema.

"Nimetoa!" Sauti ilitoka ndani, nzito kama ya padri.

"Basi toa na chai ya asubuhi."

Idalina alicheka hadi akamwaga maji. "Tumwache hapo hapo, Bi Hermínia. Awe kizibo."

Wakamvuta kwa miguu. Belmiro aliketi sakafuni, mwekundu, macho kwenye rafu za chupa.

"Zabibu zinakatwa kesho," Bi Hermínia alisema. "Pipa lisipooshwa, zote nitazipeleka kwenye matangi ya chuma ya ushirika."

"Nipe mpaka jioni, Bi Hermínia. Sitakula kitu."

"Jioni? Mwanangu, wewe unahitaji mpaka Pasaka."

Idalina alikuwa ameshajifunga kitambaa kichwani. "Nishikie viatu," alimwambia mumewe, akapita kama uzi kwenye sindano.

Brashi ikaanza kulia. Kisha ikanyamaza.

"Belmiro! Hii kona ya nyuma umeisugua lini? Kuna gamba nene kama kisigino cha mama yako!"

Belmiro alikagua viatu vya mkewe kama anayetaka kuvinunua.

Idalina alipotoka, zambarau hadi kwenye nyusi, kengele ya adhuhuri ilikuwa haijalia. "Wewe hukutoka humu kabla ya saa tisa hata siku moja. Ulikuwa unafanya nini?"

"Kuna ubaridi mzuri," Belmiro alisema polepole.

Bi Hermínia alifumba macho, akatikisa kichwa. "Chagua chupa yako, Idalina."

"Ile ya themanini na tano, mke wangu, ile pale, ya tatu..."

"Nani kaingia pipani?"

"Wewe."

"Basi tulia."

Akapita themanini na tano bila kugeuka, akasimama kwenye tisini na tatu, mwaka ambao mvua ilinyesha mavuno yote na walioonja divai waliitema. Tangu hapo hakuna aliyeigusa.

"Hiyo ni siki!" Belmiro alilia.

"Zabibu zake nilizikata mimi, nimelowa hadi mifupa. Nikaugua mafua mpaka Krismasi. Nataka kujua kama zilistahili."

Mezani, wakati wa chakula, kizibo kilimeguka vipande. Bi Hermínia akaonja, akasogeza glasi iongezwe. Belmiro akaonja akitafuta kasoro. Ukakasi ulikuwepo, lakini umestaarabika. Nyuma yake kulikuwa na cheri zilizokaushwa na udongo baada ya mvua. Akatafuta tena kasoro. Kwenye glasi ya tatu akaacha kutafuta.

"Zilistahili," Idalina alisema, miguu peku chini ya meza.

"Na ya themanini na tano?" Belmiro aliuliza kwa sauti ya mtu anayeomba ruhusa.

"Mwakani nitaifikiria. Itategemea kuanzia leo nani anaosha vyombo."

Belmiro aliwaza kidogo. Kisha akainuka, akaanza kukusanya sahani, hata ya Bi Hermínia, ambaye alikuwa bado anakula.