Nguzo ya Nne ya Kitanda

Mtaa mzima ulimwita mume wangu Patasi, na mimi, niliyewafundisha kusoma nusu ya watoto wa mtaa huo, sikulipenda jina hilo hata siku moja. Yeye alilivaa kama koti la kazini. Alikuwa seremala wa vitanda vya watoto wachanga. Makabati na milango aliwaachia wengine. Naandika habari zake kwa sababu wapo wanaosema kwamba alikufa na kijiti cha uganga kichwani pa kitanda, na kwamba kijiti hicho kiliwahi kumwita mtoa roho nyumbani kwa jirani. Sitaki wajukuu wangu wayasikie hayo barabarani kabla ya kuyasikia kwangu.

Mambo yalianzia kwa fundi saa, Myahudi, ambaye kibanda chake cha vioo kilitazamana na karakana yetu. Binti yake alipokuwa mjamzito, fundi saa alimwomba Patasi amtengenezee kitanda cha mjukuu na kuchonga majina ya malaika kwenye nguzo zake nne, kama wanavyotajwa katika sala yao ya kulala: Mikaeli kulia, Gabrieli kushoto, Urieli mbele, Rafaeli nyuma.

"Na Mungu mwenyewe nimweke wapi?" Patasi akauliza. "Hapa kichwani pana nafasi nzuri."

"Usimwandike kabisa. Kitanda huvunjika kikatupwa jalalani. Jina lake sisi hata mdomoni hatuliweki ovyo. Tunasema 'Jina', basi."

"Jina?"

"Jina."

"Sasa akiita, mtajuaje ni yeye?"

"Akiita yeye, fundi, hata wewe utajua."

Kitanda kile kilipendeza, na wenzetu wa kanisani wakaja wakitaka vya kwao. Hapo nguzo moja ikamtia Patasi taabu, maana wengi wao walimtajia malaika watatu tu: Mikaeli, Gabrieli na Rafaeli. Ya nne aliichonga ua. Hakulipenda ua lile. Alisema ni kama fundi nguo aliyepungukiwa kitambaa akaongeza kiraka chenye rangi.

Kwa hiyo jirani zetu wa ukuta mmoja, Waislamu, walipoagiza kitanda, alikuwa tayari na swali lake. Katika nyumba ile alikaa bibi mmoja mwenye sauti ya kengele, pamoja na binti yake na mkwewe. Binti alikuwa amepoteza mimba mbili. Hii ya tatu ilikuwa imeshikilia, na hakuna aliyethubutu kuitaja kwa sauti. Patasi alimkuta mkwe mlangoni akikimbilia kazini.

"Malaika wenu wakubwa ni nani na nani?"

"Jibrili, Mikaili, Israfili, Izraili," kijana akajibu kwa wimbo uleule aliofundishwa utotoni, akaenda zake.

Wanne! Patasi alirudi karakanani anapiga mluzi. Naapa hakuwaza zaidi ya hapo. Alichokiona ni nguzo nne na majina manne, hakuna ua. Alichonga, akapiga msasa, akapaka vanishi, na ilipokauka akakibeba kitanda mwenyewe hadi kwa jirani.

Nilisikia ukelele nikiwa jikoni.

"Astaghfirullah! Fundi! Umemleta Izraili mtoa roho kitandani kwa mjukuu wangu?"

Kitanda kilirudi karakanani kabla sijavua aproni, bibi nyuma yake, binti nyuma ya bibi.

"Huyu wa baragumu la Kiyama nimemvumilia," bibi alisema, akilionyesha jina la Israfili kwa kidole, "ingawa sijui mtoto atalala vipi. Lakini huyu? Huyu hata kwa chai hatumkaribishi!"

Patasi alikuwa amepauka kama vumbi la mbao. "Nisamehe, mama. Nalifuta sasa hivi." Akashika randa.

"Weee! Weka hiyo chini! Utamfuta malaika wa Mwenyezi Mungu kwa chuma? Unataka tushitakiwe sote?"

"Sasa nifanyeje, mama? Asikae, asiondoke?"

"Wewe ndiye fundi!"

Ningecheka, kama si yule binti. Alisimama kando ya mlango, mikono juu ya tumbo, anaitazama ile nguzo. Kuanzia siku hiyo aliacha kushona vile vinguo alivyokuwa akivishona barazani, na nilipomsalimu aliitikia macho chini, kama mtu aliyekwisha kupewa habari mbaya. Watu walianza kunong'ona, na jina letu likawa ndani ya minong'ono hiyo. Hilo liliniuma mimi. Patasi aliumwa na mengine. "Amekwisha kumuaga mtoto," aliniambia, sahani yake haijaguswa. "Mimi ndiye niliyemfanya amuage."

Alikaa na kitanda kile bila kukigusa. Mwishowe aliona jambo ambalo fundi mwingine angeliona mapema: nguzo si lazima ifutwe. Aliilegeza gundi kwa maji ya moto, akaing'oa nzima, jina lake salama, akaifunga kwenye shuka safi. Kisha akachonga nyingine. Alimwita bibi na binti kabla hajaandika kitu.

"Nimweke nani hapa, mama? Safari hii nauliza kwako."

Bibi aliigonga nguzo mpya kwa kidole. "Acha hivyohivyo," akasema. "Pasiwe na mtu. Mungu mwenyewe akae."

Basi Patasi aliisugua nguzo ile tupu hadi ikawa laini kama shavu. Binti alipitisha kiganja juu yake, akarudia, akarudia tena, halafu akauliza kwa sauti ndogo, "Godoro lake litakuwa la upana gani, fundi?" Patasi aligeuka akajifanya anatafuta futi ya kupimia.

Fundi saa alivuka barabara kuja kutazama. Aliigusa ile nguzo isiyo na maandishi. "Sasa umeliandika Jina," alisema, akarudi kwenye saa zake.

Mtoto alizaliwa wa kike, mzima, na kilio chake kilipasua ukuta wetu. "Israfili hana mchezo!" bibi alituitia kutoka dirishani.

Ile nguzo ya zamani Patasi hakuthubutu kuitupa. Alipotengeneza kitanda chetu kipya, aliiunganisha kichwani, upande wake.

"Sitalala chumba kimoja na mtoa roho," nilimwambia.

"Mke wangu, huyo atakuja hata tusipomwalika. Afadhali akute tumemwandika vizuri."

Nililala. Tulilala hivyo miaka mingi, na niseme ukweli, niliizoea.

Patasi alipougua, yule binti wa jirani, aliyekuwa sasa mama wa watu, alimtuma msichana wake, yuleyule wa kitanda, aje kila jioni kumsomea gazeti. Patasi alimwita "Kelele". Alikufa jioni moja, Kelele akiwa katikati ya habari za mpira, mkono wake Patasi juu kwenye nguzo, vidole ndani ya herufi alizozikata mwenyewe. Hakuhangaika. Msichana alimalizia sentensi kwanza, ndipo akaniita.

Baada ya mazishi shemeji yangu alikuja na msumeno. "Shemeji, nguzo hii tuikate tuichome. Watu wanasema. Linda jina la nyumba."

"Nalilinda," nilimwambia. "Rudisha msumeno karakanani."

Nimehamia upande wake wa kitanda. Kelele amechumbiwa, na kile kitanda chake cha utotoni kinangoja kwao chini ya shuka, nguzo yake tupu ikiwa haina hata mkwaruzo. Hii yangu naifuta vumbi kwa kitambaa laini, herufi moja baada ya nyingine, kama alivyopenda Patasi.