Mkasi wa Shangazi

Kila asubuhi, kabla hajavua viatu vya njiani, shangazi yangu husimama dirishani na kutunga uzi kwenye sindano. Uzi ukipita, siku ni njema. Siku nyingine tundu la sindano humezwa na mistari ya mwanga inayometameta kama kioo kilichopasuka, naye hujua kipandauso kiko njiani. Siku hiyo hashiki mkasi. Atashona vifungo mpaka maumivu yamshinde. Mshono mbovu hufumuliwa. Kitambaa kilichokatwa vibaya ndiyo basi tena.

Ndiyo maana katika karakana ya kaka yake, wanakoshona sare za shule, hakuna aliyewahi kumwona akiharibu kitambaa. Na kwa shukrani, kaka yake, yaani baba yangu mkubwa, alimbandika jina la Bi Kichwa.

"Mbona hakiumi siku ya mshahara?" alikuwa akimuuliza mbele ya mafundi. Mafundi walicheka. Mwenye karakana akitania, nani asicheke?

"Kinauma hata siku hiyo, kaka. Ila siku hiyo huniulizi."

Mwaka huu mkono wake ulikufa ganzi, sindano ikadondoka, tukaenda hospitali. Picha ya ubongo ilionyesha madoa madogo meupe. Kipimo cha moyo kikaonyesha kijitundu kati ya vyumba viwili vya juu, kile ambacho kila mtoto huwa nacho akiwa tumboni mwa mama na kwa wengi huziba baada ya kuzaliwa.

"Watu wengi wanaishi nacho bila kujua," daktari alisema. "Wenye kipandauso cha kuona mwanga tunawakuta nacho zaidi, na madoa vilevile. Kama tundu ndilo linaloleta hayo mengine, bado hatuna hakika."

Maneno ya mtu anayejua mpaka wa ujuzi wake. Baba mkubwa hajawahi kuuona mpaka huo kwake. Aliiinua picha dirishani, juu chini, akaikagua kama anayenunua tikiti maji.

"Haya, si nilisema? Kichwa kimetoboka!"

"Tundu liko moyoni, baba mkubwa," nilisema.

"Moyo, kichwa, si mwili huohuo?" alidakia mkewe, ambaye kwa miaka yote hiyo alimwita wifi yake mvivu, na sasa alimwambia pole kwa sauti ya msibani.

Jioni hiyohiyo mkasi wa shangazi ukahamia kwa mkwe wa baba mkubwa, kijana ambaye sifa yake kubwa katika ushonaji ni kwamba amevaa nguo. Kichwa kilipouma bila picha, kilikuwa uvivu. Kilipopata picha, kikawa sababu ya kumnyang'anya meza ya kukatia.

"Ukazibwe hilo tundu kwanza, mdogo wangu," baba mkubwa alimwambia. "Ukirudi mzima, mkasi wako huu hapa."

Shangazi alikaa kwenye kigoda cha vifungo, akaangalia mkwe akikata kola. Nilijua anaumia: ile meza ndiyo aliyoisimamia tangu ujana wake, na hakuwa na kitu kingine alichokiita chake.

Tulirudi kwa daktari. Shangazi aliuliza jambo moja tu: akizibwa, kichwa kitaacha kuuma?

"Siwezi kukuahidi," daktari alijibu. "Wengine hupata nafuu, wengine hawapati. Kwa hali yako, ningeanza na dawa."

Akachukua dawa. Siku iliyofuata hakwenda karakana. Nilimkuta nyumbani kwake asubuhi, meza ya kulia chakula imesogezwa dirishani, uzi mkononi.

"Shangazi, baba mkubwa anasema bila kuzibwa hakupi mkasi. Utafanyaje?"

Uzi ulipita. Akachomeka sindano kifuani mwa gauni lake.

"Nimeshanunua mwingine," alisema.