Kisu cha Mkono Mmoja

Mama Turubai alikuwa na kopo la maziwa ya unga lililojaa visu, na kila alipolitazama alitamani kulirusha dirishani na vilivyomo. Vyote vilikuwa visu vya kukunja. Vyote alivinunua mwenyewe, kwa hiari yake, akiwa na akili timamu. Dukani vilifunguka kama vimetumwa, lakini vikifika juu ya lori vilinuna, na aliyedhalilika mbele za watu alikuwa yeye.

Kazi yake ilikuwa kufunika mizigo. Lori likishapakiwa magunia pale yadi, yeye na wifi yake, dada wa mumewe, walipanda juu, wakatandaza turubai, wakapitisha kamba na kukaza mafundo mpaka mzigo ukatulia kama mtoto aliyebebwa mgongoni. Kule juu hakuna pa kuegemea. Mkono mmoja unashika kamba usianguke, mwingine unafanya yote yaliyobaki. Chini kulikuwa na vumbi, moshi na wanaume wanaopiga kelele hata wakiwa wamesimama bega kwa bega. Juu kulikuwa na upepo, na hapakuwa na wa kumwambia fanya hivi, acha vile. Alipapenda kuliko nyumbani kwake, ingawa hilo hakumwambia mumewe.

Alizaliwa nguvu zake zikiwa kushoto. Bibi yake, mama wa watu, hakukubali. Alimfunga mkono ule kwa kitambaa mpaka mtoto akajifunza kula, kusalimia na kupokea kwa mkono wa kulia kama watu wengine. Alijifunza sawasawa. Mkono wa kulia ukawa wa adabu, wa kushoto ukabaki na kazi, na mwenyewe akasahau kabisa kwamba amegawanywa hivyo.

Visu vya wazi vilikatazwa juu ya malori tangu mfungaji mmoja alipoteleza akakikalia cha kwake. Tangu hapo kila kisu kilikaa mfukoni kimekunjwa, na kikihitajika kilipaswa kufunguliwa kwa mkono mmoja. Cha Mama Turubai kiligomea kidole, naye akawa na njia yake: aliuma ubapa kwa meno, akavuta mpini, kazi ikaisha. Njia hiyo ilimfaa miaka mingi. Kisha meno mawili ya mbele yakaanza kulegea, yakang'olewa, na kisu chake kikawa sawa na kufuli lililopotelewa na ufunguo.

Haukupita muda yakatokea ya kutokea. Wifi yake alikanyaga ndani ya kitanzi cha kamba, na vijana wa chini, bila kujua, wakavuta. Wifi akapiga yowe. Mama Turubai akachomoa kisu, akakipeleka mdomoni kwa mazoea, akauma kwa ufizi mtupu. Akajaribu tena. Damu ikamjaa mdomoni na kisu kimefunga vilevile. Waliposikia chini na kulegeza kamba, kifundo cha mguu wa wifi kilikuwa kimevimba kama kiazi.

Msimamizi wa yadi, ambaye wote walimwita Filimbi kwa sababu ya kile alichokining'iniza shingoni, alimwita pembeni.

"Mama, mimi na wewe tumetoka mbali," alisema. "Lakini sitaki kumzika mtu hapa. Mwezi huu uishe una kisu kinachofunguka, nikione kwa macho yangu. La sivyo utashuka, uende ghalani ukashone matundu kwenye maturubai."

"Ghalani?"

"Kuna mashine nzuri tu."

Mashine aliijua. Alipokuwa na mimba ya mwanawe wa mwisho walimkalisha pale, kwenye giza, katikati ya maturubai yanayonuka panya, akashona huku akikohoa mpaka mtoto akazaliwa. Akampa Filimbi mgongo, maana angefungua mdomo angesema jambo la kumfukuzisha kazi.

"Ghalani ni kuzikwa huku unapumua," alimwambia wifi yake walipokuwa wanarudi nyumbani.

"Basi tafuta kisu, wifi," yule akajibu akichechemea. "Mimi kule juu sipandi na mwingine. Hawa wengine wanafunga mzigo kama wanafunga kiatu."

Na kisu alikiona. Ndicho kilichomharibia usingizi. Dereva mmoja wa safari ndefu, waliyemwita Kobe kwa mwendo wake, alimwona anahangaika na fundo lililolowa, akamrushia kisu chake kutoka dirishani kwa lori. Alikidaka. Kilikuwa chepesi mpaka akadhani ni mpini mtupu. Kidole gumba kikagusa kinundu kidogo kwenye ubapa, na kisu kikafunguka chenyewe, taratibu, bila ubishi. Alikata fundo. Akakifunga, akakifungua tena, akakifunga tena.

"Mama, nirudishie, usije ukaolewa nacho!" Kobe akapaza sauti.

"Ni cha nini hiki?"

"Titani. Ile ile wanayotengenezea ndege. Shemeji yangu aliniletea kutoka nje."

Alipouliza bei na kujibiwa, Mama Turubai alicheka. Alicheka mpaka Kobe akashuka kuona kama yuko salama. Kwa fedha ile mtu angenunua cherehani, na bado akala njiani.

Basi akaamua kutafuta ndugu maskini wa kisu kile, na hapo ndipo lile kopo lilipoanza kujaa. Muuza vifaa alimpa cha kwanza juu ya kaunta. Akakipokea kwa adabu, kidole gumba kikasukuma kinundu, kisu kikafunguka paa! Alirudi yadi kifua mbele. Juu ya lori, kidole kiliteleza kwenye ubapa, kikateleza tena, na kisu kikabaki kimelala mkononi. Akadhani kinataka mafuta. Akakipaka. Akadhani kina mchanga. Akakichemsha kwenye sufuria ya maharage, mumewe akala maharage yenye ladha ya mafuta ya mashine na kwa mara ya kwanza maishani akalalamika. Kisu kikanuna vilevile.

Cha pili kilikuwa kizito, cha chuma. Dukani paa, kazini kimya. Cha tatu kiliandikwa titani kwenye mpini kwa herufi za fedha. Muuzaji akaapa kwa jina la mama yake. Jua lilipowaka, titani ile, kumbe rangi tu, ilimbandukia kiganjani, akashinda na mkono unaong'aa kama wa bibi harusi.

"Umepaka rangi kucha au umeoga nayo?" wifi yake akamuuliza.

"Nyamaza."

"Nasema tu. Mchagua jembe si mkulima, wifi."

"Wewe mguu wako umepona? Mbona maneno yamepona mapema?"

Kila mtu akageuka mtaalamu. Mmoja alisema chuma cha bei rahisi hukaza joto likizidi. Mwingine alisema vidole vyake vimezeeka. Filimbi, aliyempita akimenyana na kisu juu ya magunia, alisema, "Mbaazi ukikosa maua husingizia jua," kisha akapuliza filimbi yake na kwenda zake. Neno hilo lilimchoma. Alivirudisha visu dukani, muuzaji akamwambia avifungue mbele yake. Akavichukua kimoja kimoja, akavifungua, paa, paa, paa. Watu wa dukani wakatazamana. Alitoka nje kwa hasira, na baya zaidi, akaanza kuamini kwamba ni yeye ndiye aliyeharibika.

Mwezi ulikuwa ukingoni Kobe aliporudi na lori lake. Mama Turubai alimwomba kisu, akaketi juu ya gunia na wifi yake, akapanga vyote turubaini, cha titani na ndugu zake maskini. Wifi akaokota kile cha kwanza, akakigeuza, akasukuma kwa kidole. Kikafunguka.

"Wifi, si kinafunguka hiki?"

"Lete." Kikagoma.

Wifi akakichukua tena. Paa. Akampa tena. Kikagoma. Mama Turubai akatamani kulia.

"Basi kinanichukia mimi!" alisema. "Sema tu. Kinanichukia."

Wifi hakucheka. Alikuwa anamtazama mikono. "Hebu kishike tena. Hivyo hivyo unavyokishika." Akasogea karibu. "Kinundu kiko wapi?"

Mama Turubai akatazama. Kidole gumba chake cha kushoto kilikuwa kimelala juu ya ubapa uliolainika kama kijiko. Kinundu kilikuwa upande wa pili, kimeelekea kwenye vidole vingine ambavyo havikuwa na la kufanya nacho. Akaokota cha pili, kikawa hivyo hivyo. Cha tatu, hivyo hivyo. Akaokota cha Kobe. Kile kilikuwa na vinundu viwili, kimoja kila upande.

Akakihamishia cha kwanza mkono wa kulia. Paa.

Akakifunga, akakifungua tena. Akaona kila kitu: kaunta, mkono wa adabu unaotangulia kupokea kila siku, unajaribu kisu, unaridhika, unalipa. Kisha huku juu mkono wa adabu unashika kamba, na ule ambao hakuna aliyeuuliza unaachiwa kazi. Hakukuwa na shida ya titani, wala mafuta, wala joto. Alitukana neno ambalo wifi yake hakujua kwamba analijua. Alimkasirikia muuzaji, akamkasirikia aliyetengeneza visu akidhani dunia nzima ina mkono mmoja, akamkasirikia bibi yake aliyelala kaburini na kitambaa chake. Zaidi ya wote alijikasirikia mwenyewe.

"Miaka yote hii!" alisema. "Meno yangu, wifi. Nimeyamaliza meno yangu kwa kuwa na adabu."

Dukani safari hii aliweka mkono wa kushoto juu ya kaunta na kuuacha pale. Alitaka kisu chenye kinundu pande zote mbili. Muuzaji akapekua, akanung'unika, mwishowe akatoa kitu kilichosahaulika chini ya kabati: mpini wa plastiki wa kijani, ubapa mpana wenye tundu lililotoboka hadi upande wa pili. Kilikuwa kibaya, na kimekaa pale mpaka vumbi likakizoea. Kilikuwa pia cha bei ya chini kuliko vyote alivyowahi kununua. Mama Turubai akanyoosha mkono wa kushoto. Muuzaji akasita, akakiweka juu ya kaunta badala ya kumkabidhi. Akakiokota. Gumba likaingia kwenye tundu, na kisu kikafunguka.

Kesho yake alipanda juu ya mzigo, na Filimbi akasimama chini na mikono kiunoni, wapakiaji nyuma yake wakingoja kichekesho. Wifi, bila kuambiwa, akaingiza mguu wake mbovu ndani ya kitanzi na kusema, "Vuteni."

"Wewe una wazimu?" Filimbi akasema.

"Vuteni!"

Wakavuta. Kabla kamba haijamgusa ngozi, mkono wa kushoto ulishatoka mfukoni, gumba likasukuma, na kamba ikakatika. Vijana wakaangukia matako. Hakuna aliyecheka.

"Hebu nikione," Filimbi akasema, akanyoosha mkono juu.

Mama Turubai akakikunja, akainama pembeni ya turubai, akamshushia kisu kwa mkono wa kushoto. Filimbi akaurudisha mkono wake nyuma kidogo, kama naye alivyofundishwa na bibi yake.

"Mama, ndiyo unanipa na mkono huo?"

"Pokea," alisema, bila kuurudisha. "Ule mwingine umeshika mzigo wako."

Filimbi akatazama mkono wa kulia uliokaza kamba mpaka mishipa ikasimama, akatazama wa kushoto unaomngoja hewani. Kisha akanyoosha mkono wake, akapokea.