Ukuta Uwe Sawasawa

Kiwanja changu kiko pembezoni mwa Utemini, hapa Singida mjini, pale ardhi inapoanza kupanda kuelekea kwenye mawe makubwa. Nilikipata kwa sababu wenzangu wote walikiona wakakikataa. Kimelala kwa mshazari, na mshazari wenyewe hauna aibu. Ukidondosha kitunguu mlangoni pa jiko, nenda kakichukue kwa jirani wa chini. Mimi nilikipenda siku ile ile, maana ukisimama juu kabisa unaona bati za mji mzima na ziwa likimeta kwa mbali. Nikajenga nyumba, nikahamia na cherehani zangu mbili. Mume wangu alikuwa ameshatangulia mbele ya haki, na wanangu wako Dodoma na wake zao. Nyumba ya vyumba vitatu ikabaki na mtu mmoja anayeongea na redio.

Mama yangu naye alikuwa peke yake kijijini Sepuka. Mwaka jana alianguka akitoka kuteka maji, akakaa pale pale njiani mpaka alipopita mtu wa kumwinua. Hakuvunjika mfupa. Kilichovunjika ni usingizi wangu, kwa sababu tangu siku hiyo kila simu ikilia alfajiri naruka kitandani kabla sijajua nani anapiga. Nikamwambia aje tukae wote. Akasema atakuja kutembea, baada ya mavuno, na mvua za kupanda zikikaribia atarudi kwake. Nilimjua. Kwa mama, kutembea ni kutembea, wala si kukaa.

Tatizo ni kwamba alishawahi kuja. Wakati ule nilikuwa nimepanga katikati ya mji, kwenye nyumba yenye ukuta mrefu na geti la chuma. Hakumaliza wiki. Aliniaga akisema nyumba ni nzuri, chakula kizuri, ila humo ndani mtu anaamka asubuhi na hakuna wa kumuuliza amelalaje. Akapanda gari la Sepuka akiwa na furaha kama mtoto anayefunga shule.

Sasa nifanyeje? Kiwanja changu upande wa chini kinaishia kwenye kingo, na chini ya kingo kuna mawe. Mtu mwenye miguu ya mama yangu hawezi kuachwa azunguke pale bila kitu cha kumzuia. Juu ya hayo kuna mbuzi wa mtaa mzima, ambao wanaamini bustani yangu ni ya serikali. Lazima niweke uzio. Lakini uzio huo huo ambao ungemzuia asianguke ndio ungeweza kumrudisha Sepuka. Nililala na hesabu hiyo kichwani usiku mwingi.

Kwa simu mama alisema nipande minyaa, kama watu wote wenye akili. Nilikataa. Nilipokuwa mdogo nilivunja tawi la mnyaa nikicheza, utomvu ukaniruka jichoni, na kwa siku kadhaa nikawa naiona dunia kwa jicho moja. Mimi na minyaa hatujasalimiana tena. Halafu minyaa inataka miaka, na mama nilikuwa namtarajia baada ya mavuno.

Nikafikiria seng'enge. Rafiki yangu mmoja mtaa wa juu aliiweka, nikaenda kuangalia. Waya unanyooka kutoka nguzo hadi nguzo, lakini ardhi ya mlimani hainyooki, inabonyea. Pale inapobonyea panabaki uwazi, na mbuzi wanapita chini yake wakiwa wameinamisha vichwa kwa adabu kabisa. Bati ndiyo sikuifikiria hata kidogo. Upepo wetu wa Singida kuanzia mwezi wa saba ukikuta bati limesimama peke yake, unalichukua. Nikaamua ukuta: msingi wa mawe, maana mawe ndiyo tuliyojaliwa, na matofali juu yake.

Fundi nilimpata kwa sifa. Alikuwa mtu wa makamo kutoka Manyoni, mcheshi, mwenye mikono safi na maneno mengi. Kuta zake nilionyeshwa mbili, zote zimenyooka, zote kwenye uwanda. Tulizunguka kiwanja pamoja, nikamwonyesha mipaka, nikamwambia kule chini aache matundu ya kupitishia maji ili mvua isije ikausukuma ukuta. Akanisifu. Mwisho nikampa agizo moja ambalo kwangu lilikuwa kubwa kuliko yote. Nilimwambia ukuta uwe sawasawa, mwanzo mpaka mwisho, nisione pameinuka wala pameshuka. Akaweka mkono kifuani akasema hapo ndipo kwenye fani yake.

Wiki zile nilikuwa na sare za kwaya za kushona kule dukani kwangu, magauni ya watu wazima wenye maoni. Nilikuwa natoka nyumbani alfajiri na kurudi giza limeingia, ukuta nauona kivuli tu. Upande wa chini ulikuwa unapanda vizuri. Upande wa juu sikwenda, miguu ilikuwa imechoka. Ilipofika Jumamosi fundi akanipigia, akasema niende nikabidhiwe kazi yangu.

Nilianzia chini. Jamani, ulikuwa ukuta. Umenizidi kimo, umepigwa lipu, matundu ya maji yamepangwa vizuri. Nikamwombea fundi maisha marefu. Tukaanza kupanda, na kadiri nilivyopanda ndivyo ukuta ulivyokuwa unazama ardhini. Katikati ulinifika kifuani. Mbele kidogo, kiunoni. Tulipofika juu kabisa, kwenye njia ya watu wanaopandisha mlima, ukuta wangu ulikuwa umenifika magotini, na kwa juu umesakafiwa kwa saruji laini kabisa. Mbuzi mmoja alikuwa amesimama upande wa ndani, anatafuna bamia zangu, anatuangalia.

Nilimuuliza fundi ukuta mwingine uko wapi. Akashangaa. Akaenda kuleta mpira wake wa maji, ule mrefu unaoona ndani, akanipa ncha moja nishike juu ya ukuta pale juu, yeye akashuka na ncha nyingine mpaka chini. Maji yakatulia pande zote mbili usawa wa ukuta, hayakupungua wala kuzidi. Akaniita kutoka kule chini nishuhudie mwenyewe kwamba ni sawasawa.

Hapo ndipo nilipoelewa, na hasira ikaniishia mdomoni. Sisi mafundi wa nguo usawa wa pindo tunaupima kutoka chini. Mteja anasimama, unapiga magoti na rula yako, unaweka alama ya chaki umbali ule ule kutoka sakafuni, unamzunguka mwili mzima. Mwenye tumbo na mwenye mgongo, wote pindo linawakaa sawasawa. Kwa hiyo mimi nilitaka ukuta unaoifuata ardhi, kimo kimoja juu mpaka chini. Yeye sawasawa yake anayauliza maji, na maji hayajui habari za mlima. Huko kwao Manyoni, kwenye uwanda, sawasawa hizo mbili ni kitu kimoja, hazijawahi kugombana. Zimekuja kugombania kwangu.

Tulibishana mpaka tukacheka. Kila mmoja alikuwa amepatia. Tukakubaliana kwamba upande wa juu utanyanyuliwa kwa ngazi ngazi, kipande kwa kipande, mpaka uwe kimo cha mtu. Matofali yakaletwa, yakapangwa pembeni. Lakini fundi alikuwa na harusi ya dada yake Manyoni, na harusi za kwao, kama nilivyokuja kujua, haziishi mapema. Akaondoka, na mama akafika kabla hajarudi.

Alikuja na mfuko mmoja na kanga mbili, mzigo wa mtu anayerudi. Nilimwonyesha chumba, nikamwonyesha ukuta wa chini, akaugonga kwa ngumi akasema ni mzuri kwa kuzuia mizimu. Sikuucheka utani huo. Asubuhi yake nikaenda dukani kwangu, na kichwani nilikuwa nimeshajiandaa kuambiwa tafuta gari.

Niliporudi jioni sikumkuta ndani. Nilimkuta juu, amekaa kwenye kile kipande cha ukuta cha magotini, na pembeni yake wamekaa watu. Unajua ile njia inapanda kwa ukali pembeni mwa kiwanja changu, halafu inakata kona juu pale pale. Mtu akifika konani pumzi imemwishia. Siku zote walikuwa wanasimama tu, wanajifuta jasho, wanaendelea. Sasa wamekuta ukuta wa kukalia, laini, na juu yake mwanamke mzee mwenye nafasi ya kusikiliza. Mama muuza vitunguu alikuwa ameshusha beseni lake. Mzee mmoja wa Kinyiramba alikuwa anataniana na mama yangu kuhusu sisi Wanyaturu na ubahili wetu, na mama alikuwa anamjibu kwa lugha mbili, Kiswahili cha kumsuta na Kinyaturu cha kummalizia.

Mgeni njoo mwenyeji apone. Mimi nimekaa pale miaka, nasalimia watu kwa kunyoosha mkono, nawahi dukani. Mama kwa siku chache akawa ananiletea habari za mtaa wangu mwenyewe: nani kafiwa, nani binti yake anaolewa na hana fundi wa gauni. Nilipata wateja watatu kupitia ukuta ule. Asubuhi watu walianza kupita wakiuliza amelalaje hata kabla hajatoka nje, wanaita kutoka njiani, na yeye anajibu akiwa bado anajifunga kanga. Mbuzi nao walijifunza haraka kwamba mama ana fimbo, na kwamba analenga vizuri.

Lakini sikuthubutu kufurahi sana. Joto lilikuwa linaongezeka, mawingu yakaanza kukusanyika upande wa mashariki, na kila jioni mama alikuwa anayaangalia kwa jicho la mkulima. Siku moja aliniuliza kama mbegu za alizeti zimeanza kuuzwa mjini. Nilimjibu sijui, nikaingia ndani, nikakaa kwenye cherehani bila kushona kitu. Niliona ameshaanza kuondoka.

Fundi alirudi siku ya Jumatatu, amenenepa kwa pilau za harusi. Tulipanda naye mpaka juu, akiwa na ndoo na mwiko. Mama alikuwa kwenye nafasi yake na mama muuza vitunguu. Fundi akatoa shikamoo, akajibiwa marahaba, akaulizwa habari za huko alikotoka, za bibi harusi, na za mvua. Kisha mama akamuuliza yale matofali ni ya nini. Fundi akamweleza kwa fahari kwamba amekuja kunyanyua hapo pote, mpaka mtu wa njiani asione ndani.

Mama alimtazama, akanitazama na mimi. Halafu akapapasa saruji kwa kiganja.

"Sasa ukinyanyua hapa, wageni wangu watakaa wapi?"

Fundi akanigeukia. Mimi nikaanza kueleza habari za mbuzi, za wezi, za ukuta ambao haujaisha. Mama hakunisikiliza.

"Hizo tofali zipeleke kule nyuma ya jiko," akamwambia fundi. "Nijengee banda. Kuku wangu wamelelewa na watu vya kutosha."

Nilimuuliza kuku gani. Akasema kuku wake wa Sepuka, kwani ana kuku wengine? Nilimkumbusha shamba, mvua, na alizeti. Akasema shamba ameshampa jirani alime, walimalizana kwa simu juzi, na zile mbegu alikuwa anamuulizia huyo jirani. Alisema hayo yote huku anachagua kitunguu kwenye beseni, anakiminya kuona kama ni kigumu.

Kwetu mtu anaweza kwenda mbali na nguo zake zote na bado ukajua atarudi. Kuku ni kitu kingine. Mwanamke akihamisha kuku, amehama. Nikakaa juu ya ukuta wangu wa magotini, mbele ya fundi na ndoo yake, nikalia kama sijawahi kuwa mtu mzima.

Mama muuza vitunguu alishtuka, akamuuliza mama yangu kama naumwa.

"Haumwi," mama akasema. "Alikuwa anaogopa nitamwacha peke yake."

Fundi akachukua ndoo yake, akateremka kwenda kupima banda.