Kaburi la Mtoto wa Mjerumani

Mpiga chapa wa ofisi yetu pale Kakamega alitumia vidole viwili tu, na kila jina alilinong'ona kabla ya kuligonga. Mwaka ule wa kwanza wa Jamhuri, mwalimu mmoja wa misheni, Mmarekani, alimletea karatasi za ukoo wake: Mjerumani aliyehamia Marekani ilipokuwa bado chini ya Mwingereza, watoto wake tisa, na mahali kila mmoja alipozikwa. Mzee alizichapa siku nne, akifuta miwani kwa ncha ya tai. Akafika kwa kifungua mimba, aliyekwenda vitani Wamarekani walipomfukuza Mwingereza. Palikuwa pameandikwa: kaburi halijulikani. Vidole vikasimama.

"Kuna shida, mzee?" nikamuuliza.

"Baba yangu alibebeshwa mizigo ya Waingereza walipopigana na Wajerumani. Hakurudi. Tukachimba kaburi nyuma ya nyumba, tukazika shina la mgomba mahali pake." Akaipuliza karatasi kana kwamba ina vumbi. "Huyu hawakumzikia hata mgomba. Mtu haachwangi hivyo."

Kisha akagonga, herufi moja moja: alizikwa nyumbani kwao.