Siku Tatu Mtani Wangu Aliponingoja

Habari ya kifo chake niliipokea kwa mzaha, na ni vema niungame jambo hilo mapema ili msomaji ajue anasoma maneno ya mtu wa namna gani. Nilikuwa nimesimama mbele ya nyumba yangu hapa Ruangwa, asubuhi, mswaki mdomoni, lori linalobeba muhogo kutoka Nachingwea likapunguza mwendo na dereva, Mmwera mwenzangu, akatoa kichwa dirishani. "Mwalimu, Mngoni wako amekufa." Sikutoa hata mswaki. Nikamjibu, "Waambie wasimzike mpaka arudishe kuku wa bibi yangu." Dereva hakucheka. Alizima injini, akashuka, akavua kofia. "Kweli, Mwalimu. Jana, pale zahanati ya Mnero. Kifua. Wanamzika leo alasiri Nachingwea. Nikishusha mzigo nageuza, ukitaka panda." Nikaenda ndani kutafuta kanzu yangu nyeupe, na kwa muda nilisahau nilichokwenda kutafuta.

Kwa wasomaji wa mbali, ambao huenda hawana watani, nieleze kidogo. Zamani za babu zetu Wangoni walikuja huku kusini na mikuki na ngao, wakapigana nasi, wakala kuku wetu, na vita vilipokwisha kikabaki kitu cha ajabu badala ya chuki: utani. Mngoni akimkuta Mmwera njiani humtukana, na Mmwera humtukana yeye, na ole wake atakayekasirika. Mtani anaweza kuingia uani kwako akakamata kuku, akamchinja, akakukaribisha umle kuku wako mwenyewe, na huna pa kushitaki. Ukifiwa, yeye ndiye atakayekuja kuiga mwendo wa marehemu mpaka waliokuwa wanalia wacheke. Ni mila nzuri na ninaipenda. Lakini ina sharti moja ambalo sikulifikiria mpaka nilipokuwa mtu mzima: watani hawaombani radhi, kwa sababu watani hawakoseani.

Yeye alikuja Nachingwea wakati ule wa mradi wa karanga, misitu ilipokuwa ikiangushwa kwa minyororo na matrekta, na watu wakimiminika kutoka kila pembe ya nchi kutafuta kazi. Alikuwa dereva wa trekta. Mimi nilikuwa mwalimu kijana pale mjini, na siku ya kwanza tulipokutana dukani aliniuliza kama ni kweli Wamwera tunafundishwa kusoma ili tuwasomee panya kabla ya kuwala. Tangu siku hiyo tukawa hatuachani. Kisha mradi ukafa, kama mnavyojua. Matrekta yakapangwa mstari yakaota kutu, wageni wakafunga mizigo, na kambi ya wafanyakazi iliyokuwa na kelele za lugha kumi ikabaki safu za nyumba tupu zenye milango inayojipiga kwa upepo. Yeye hakuondoka. Hakuwa na mke wala ndugu pale, na nikimuuliza mbona harudi kwao alisema anangoja tuishe Wamwera ili achukue mashamba. Ukipita kambini jioni ungeona moshi wa jiko lake peke yake kwenye safu nzima, na nyumba mbili tatu mbali zaidi ambamo walibaki maskini wengine wasio na nauli.

Kilichowaweka wale watu pale kilikuwa bomba moja la maji, la mwisho kambini, lililokuwa likivuja shingoni. Yeye alilifunga kwa ukanda wa mpira wa baiskeli, na kila ukanda ukioza alifunga mwingine. Kulikuwa na maneno kwamba mabomba yote yatang'olewa yapelekwe kwingine, na bila lile bomba watu wa kambini wangelazimika kwenda mtoni, mwendo wa saa nzima na ndoo kichwani. Basi ilipotangazwa kwamba Nachingwea itakuwa na baraza la mji, na kwamba mtaa wetu pamoja na kambi tutachagua wajumbe watatu, mtani wangu alinijia akiwa amevaa shati jeupe lililopigwa pasi. "Mmwera," akasema, "nataka kiti. Sitaki kusema mengi humo ndani. Nataka kusema bomba, basi." Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akisema jambo bila tusi ndani yake, nikaona haya kidogo, kama mtu aliyefungua mlango akamkuta mwenzake anavaa.

Wagombea walikuwa wanne kwa viti vitatu: yeye, fundi cherehani mmoja Myao, nyapara mstaafu, na mjomba wangu. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya, Mzungu mpya aliyekuwa na haraka ya kila kitu, aliagiza kwamba kabla ya kura iwepo siku ya watu kuwajua wagombea. Kila mgombea asimame sokoni siku ya gulio, na mtu mmoja anayemfahamu aeleze tabia zake. Fundi cherehani alisemewa na shemeji yake, ambaye alitaja kila kanzu iliyowahi kutoka kwenye mashine ile mpaka watu wakaanza kuuliza bei. Nyapara alisemewa na mkewe mkubwa, tena vizuri sana, mpaka mke mdogo akaondoka. Mjomba wangu alisemewa na jumbe, aliyesema mjomba ni mtoto wa hapa, na baba zake ni wa hapa, na hapo akawa amemaliza. Kisha ikaja zamu ya Mngoni, ambaye hakuwa na shemeji wala mke wala jumbe. Aliniomba mimi.

Mtani anapomsema mtani wake mbele ya watu, anamtukana. Hajui njia nyingine, na watu hawangeelewa nyingine. Nilipanda juu ya sanduku. "Jamani mnamwona huyu? Babu zake walikula kuku wetu wote! Mnadhani kwao alitoka kwa hiari? Alifukuzwa kwa wizi! Aliiba mpaka mlango wa nyumba ya jumbe wao! Mkimpa kiti, kesho mtakuta baraza halina kiti!" Soko zima liliangua kicheko. Wanawake wa Naipingo waliokuja kuuza ufuta walipiga vigelegele, mzee mmoja akamrushia mgombea wangu kipande kimoja cha muhogo akimwambia, "Shika, usiibe." Na yeye akakidaka, akakificha ndani ya shati kama mwizi kweli, akazunguka sanduku kwa kunyata. Nakwambia, kama kura ingepigwa saa ile angepita wa kwanza. Hakuna kusifiwa kunakozidi huko kwetu. Mtu asiyetukanwa sokoni ni mtu ambaye watu hawamjui.

Lakini pembeni ya Bwana Shauri alikaa karani mgeni, aliyehamishwa majuzi kutoka kaskazini, mtu mpole asiye na mtani hata mmoja katika jimbo zima. Aliandika. Neno kwa neno, kwa mwandiko mzuri, kwamba alifukuzwa kwao kwa wizi, na jina langu chini yake. Siku ya pili likabandikwa tangazo kwenye ubao wa boma: mgombea mmoja amewekewa pingamizi la tabia na raia mwenye kuaminika, na jina lake litaondolewa isipokuwa raia huyo afike mwenyewe kulifuta katika muda wa siku tatu. Wasomaji wanaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka niliposoma. Nikavaa viatu niende boma, jambo la dakika tano.

Mjomba alinikuta mlangoni. Wasio Wamwera huenda hawajui uzito wa mjomba kwetu. Baba anakuzaa, lakini mjomba ndiye mwenye wewe. Ndiye atakayekuoza na ndiye atakayekulaani. Hakupandisha sauti. "Viti vitatu, watu wanne," alisema. "Akitoka mmoja, hakuna kura. Nami nasikia kwamba fundi na nyapara na huyo mtani wako wamenizidi." Nikamwambia ulikuwa utani tu. "Najua. Sijakwambia useme uongo. Shule imefungwa, nguruwe wanamaliza ufuta wangu kule Ruangwa. Nenda kaangalie shamba." Nilisimama na viatu vyangu mguuni. Ningeweza kusema, nikitoka boma nitakwenda. Ni maneno machache sana. Nilipanda baiskeli nikaenda Ruangwa, na kwa siku tatu nilikaa kwenye dungu la kulindia shamba nikiwapigia nguruwe debe, na nguruwe hawakuja.

Niliporudi mjomba alikuwa mjumbe wa baraza. Mwaka haukwisha kabla mabomba hayajang'olewa. Sijui kama mtani wangu angelizuia hilo, mtu mmoja na neno lake moja. Najua tu kwamba mjomba hakulisema neno hilo, kwa kuwa kambini hakukuwa na mtu wa ukoo wake. Wale maskini wengine wakaanza kuteka mtoni, na mmoja mmoja wakahama, hata moshi wa jioni ukabaki wa jiko lake na la jirani mmoja.

Na yeye? Siku niliyorudi alikuja kwangu, akafungua banda, akakamata jogoo wangu mkubwa. "Umeninyima kiti, Mmwera. Basi nitakula jogoo." Tukamla pamoja, akicheka. Nilikuwa nimejiandaa kwa hasira yake, hata nilikuwa naitamani, kwa sababu mtu akikukasirikia unaweza kupiga magoti. Nikaanza, "Mtani, siku ile..." Akanikatiza na mfupa mkononi: "Nyamaza. Mtani haombi radhi. Unataka kuharibu mila?" Nilijaribu tena baada ya mwaka, na tena nilipohamishiwa Ruangwa, na kila mara alinifungia mlango uleule kwa kicheko kilekile. Nikajidanganya kwamba kwake jambo lile lilikuwa dogo. Hata lori lilipokuwa likinipeleka kumzika nilikuwa bado najiambia hivyo.

Kule kambini nilimkuta mama mmoja Mmakua, jirani yake wa mwisho, ndiye aliyempeleka Mnero kwa baiskeli ya kuazima. Alikuwa akikunja mkeka wa marehemu. Aliniangalia sana. "Weye ndo Mwalimu?" Nikasema ndimi. "Yule bwana alikungoja, ati. Siku ile ya tangazo. Alivaa shati lake jeupe, akakaa pale kibarazani kwa boma, asubuhi mpaka wanafunga. Siku tatu. Mie nampelekea uji. Namwambia, twende nyumbani, haji huyo. Ananiambia, mtani wangu anakuja, baiskeli yake imepata pancha tu." Akamaliza kukunja. "Siku ya tatu akarudi kalifua shati, hakulivaa tena. Ndo tumemvika leo."

Kaburini watani wenzangu walikuwa wameshafika, Wamwera wengi kuliko nilivyotegemea, na walimfanyia heshima zote. Mmoja aliingia shimoni akagoma kutoka mpaka apewe ugoro. Mwanamke mmoja aliiga namna marehemu alivyokuwa akifunga bomba, ulimi nje, watu wakashika mbavu. Kisha wakaniita, "Mwalimu! Mtani mkubwa! Mseme!" Nikasogea ukingoni. Nilikuwa na matusi tayari, nimeyaandaa njiani, na yakakataa kutoka. Nikasema, "Jamani, huyu hakuwa mwizi. Maisha yake yote hakuiba hata sindano. Mwizi ni mimi. Kiti chake nilikiiba mimi, na bomba la maji la kambi nzima nililiiba mimi, na nilijua ninachofanya."

Walicheka. Walicheka kuliko walivyocheka sokoni siku ile. Mtu mmoja nyuma akapiga kelele, "Leo Mwalimu kazidi!" na yule aliyekuwa shimoni akafuta machozi kwa furaha. Nikarudia, kwa sauti kubwa zaidi, "Nasema kweli!" na hapo ndipo wakazidi kabisa. Mama Mmakua peke yake hakucheka. Udongo ukaanza kumwagwa, nami nikasimama katikati ya watu wale wote wema nikiwa peke yangu kama nyumba za kambini.

Sasa kuna uchaguzi tena, mkubwa kuliko ule, na wiki hii vijana wawili wamenijia kuniomba nimseme mgombea wao mbele ya watu wa Ruangwa, kwa kuwa nina sifa ya kuchekesha watu. Nimekubali, lakini nimewaambia nitasimama bila utani, na kwanza nitakwenda kwa karani nikaandike kwa mkono wangu yale ninayoyajua. Tunadhani tunawajua watu kwa sababu tumecheka nao miaka mingi. Kumjua mtu ni kuondoka nyumbani, ukiwa umekatazwa, ukaenda mahali anapokungoja. Kwangu ilikuwa mwendo wa dakika tano, na viatu nilikuwa nimeshavaa.