Namna niligeuka mwili wa masomo sababu ya Zaina

Wakuu, mukae vizuri. Hii yote ilinipata mi mwenyewe, hapa Kasongo. Pale nitaongeza chumvi ni kidogo tu, samaki yenyewe ni ya kweli.

Mi shule niliiona kwa dirisha, tena nilikuwa napita na baiskeli.

Niko na mutoto wa dada yangu, anaitwa Zaina, wa kule Wamaza. Alikuja kukaa kwangu juu ya kusoma licence, ile digrii ya chuo, ya kine. Kwa wenye hawajui: kine ni wale wanashika mutu mwenye kuvunjika, wanamufundisha kutembea tena. Masomo marefu sana. Mutu anaingia hana ndevu, anatoka na wajukuu.

Sasa shida ni hii.

Kule hawasomi kwa vitabu tu. Mumoja analala kwenye meza, mwenzake anamushika mugongo, bega, muguu, kisha wanabadilishana. Wasichana na wasichana, wavulana na wavulana. Na wote wale walimaliza graduat, ile ngazi ya kwanza ya chuo, pamoja, kila mutu iko na mwenzake tangu zamani. Wasichana walikuwa wane, wawili-wawili, wametulia kama masahani kwenye kabati.

Zaina akafika wa tano.

Hawakumutukana. Walimusalimia vizuri sana, kisha wakamupa mugongo.

Siku moja namukuta anafunga valizi ya nguo zake.

"Unaenda wapi?"

"Wamaza, mujomba. Kesho natafuta pikipiki."

"Nani amekukosea?"

"Hakuna. Hata wa kunikosea sina. Wenzangu wanashikana, mi nashika muto wa kitanda."

Nilifikiri muda mrefu, karibu sahani mbili za wali na sombe. Kisha nikasema: "Kesho utanishika mi."

Asubuhi nikavaa shati yangu ya sikukuu ya Idi, tukaingia. Mwalimu akaniangalia juu mpaka chini.

"Huyu nani?"

"Mwili wa Zaina," nikajibu, nikapanda meza.

Wakacheka mpaka mabati yakataka kuruka. Zaina akajifunika uso na kitambaa chake.

Lakini wakuu, wale watoto miili yao yote ni mipya. Magoti yao hayajaona kitu. Mi nilibeba watu na pikipiki kwa barabara ya Kabambare, munaijua ile barabara. Kuna shimo niliangukia ndani wakati wa mvua, kutoka nikakuta kiangazi. Tangu pale goti yangu ikikunjwa inalia, mbuzi wa kule mbali Nyangwe wanageuka.

Zaina akaikunja. Ikalia.

Kicheko kikakatika. Mwalimu akaita wote wakuje karibu.

Kutoka siku ile ikawa: "Zaina, utuazime mujomba kidogo."

"Kwanza mumusalimie. Haiko meza, ni mukubwa."

Basi wakaanza kunisalimia na kuniletea karanga. Kushika goti ni lazima kumuuliza Zaina, na kumuuliza ni lazima kukaa naye. Mado, mukubwa wa wale wasichana, mwenye sauti ya kuuza samaki, akawa anamungojea kwa mulango.

Goti ikaanza kupona. Nikaificha. Nikaendelea kuchechemea kwa moyo wote.

Halafu siku moja niko tayari nimelala, Mado anakuja, anavua viatu.

"Mujomba, shuka. Leo mi nalala hapo."

"Na mwenzako?"

"Mambo ya wawili-wawili tumeacha. Tuko watano, tunazunguka. Zaina anaanza na mi."

Nikaangalia Zaina, aseme kitu kwa upande wangu. Yeye iko anakunja mikono ya nguo.

"Mujomba, kesho usikuje."

Nikashuka. Nikakaa inje na karanga zangu, nasikia wanacheka ndani, sauti ya Zaina inashinda zote. Walikuwa wanacheka nini, sijui. Hakuna mwenye alitoka kuniambia.

Somo langu, wakuu: kupewa nafasi kwenye chuo ni jambo moja, kuwa na mutu wa kukuambia "njoo, nishike bega" ni ingine. Ukikosa hii ya pili, unarudi kwenu hata kama akili zako zote ni nzima.

Nyie mulioenda masomo makubwa, nani alikuwa wa kwanza kukuita ukae karibu yake? Andikeni hapa chini, hata kwa urefu. Nitasoma yote, mi sina tena kazi.